Chiriku na Dada Yake

Jina la Besi alipewa na mwalimu wa kwaya akiwa darasa la sita, na alipewa kwa kebehi. Mwalimu alikuwa akiwapanga watoto kwa sauti zao, wasichana kushoto, wavulana kulia. Yeye alipofungua mdomo ikatoka sauti nzito, ya chini, kama ya mtu mzima aliyeamshwa usingizini. Darasa zima likaangua kicheko.

"Wewe nenda kasimame na wavulana," mwalimu akasema. "Besi hiyo."

Akaenda. Tangu siku hiyo jina la kuzaliwa likabaki kwenye cheti tu, na hata mama yake mzazi akamwita Besi.

Mdogo wake, waliyepishana miaka mitatu, aliitwa Chiriku, na huyo hakuna aliyemcheka. Sauti yake ilikuwa ya juu, safi, ikimtoka bila jasho. Akiosha vyombo uani huku anaimba, majirani walipunguza redio zao. Mama yao alikuwa mkunga wa zahanati ya mtaa, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa, na nusu ya watoto wa mitaa ile waliingia duniani kupitia mikono yake. Baba yao alikuwa ameondoka zamani kwenda kutafuta kazi. Kazi akaipata, na mke akampata hukohuko. Nyumba ikabaki ya wanawake watatu, na mama, kama wazazi wengi ambao hawatakiri, alikuwa na mtoto wake. Hakuwahi kulitamka. Lakini kipande cha mwisho cha nyama kilijua sahani ya kwenda.

Besi hakuwa na wivu, au alijiambia hana. Mdogo wake akianza kuimba, mdomo wake mwenyewe ulifunguka bila kuagizwa, sauti ya pili ikaingia kwa chini, kama mtu anayenyoosha mkono kumshika mtoto anayetembea juu ya ukuta. Hakuna aliyemfundisha. Aliona tu kwamba mtoto yuko juu na mtu lazima awe chini.

Muziki wa soul, ule wa Wamarekani weusi, waliupata kwenye kanda za mpiga gitaa mmoja, kijana wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akiunda bendi. Maneno ya zile kanda hawakuyaelewa hata nusu, ila kilio hakina haja ya mkalimani. Besi akaanza kutunga kwa lugha yao wenyewe: wimbo wa mwanamke anayengoja majibu kwenye benchi la zahanati, wimbo wa mwanamume aliyerudi nyumbani kuchukua shati tu. Alitunga kila kitu, mashairi na tuni, kisha akampa mdogo wake aimbe, naye akasimama hatua moja nyuma, upande wa kushoto, akiitikia.

Bendi ilipopata jina na kuanza kualikwa kwenye kumbi, mchora mabango aliandika kwa herufi nyekundu: CHIRIKU NA DADA YAKE.

"Sasa bwana," Besi akamwambia kwa utani, "hata jina langu la kejeli limekosa nafasi?"

"Dada, ubao mdogo," mchora mabango akajibu, naye hakuwa anatania.

Wakaimba hivyo miaka kumi na moja.

Safari ya mwisho ilikuwa ya mji wa kiwanda, mwendo wa saa tano kwa gari. Chiriku alikuwa na homa siku ya tatu. Asubuhi hiyo mama yao alimshika shingo kwa mgongo wa kiganja, akasema, "Huyu haendi popote," kisha akaenda zamu yake zahanati. Alipotoka tu, Besi akaanza kufungasha.

"Dada, mimi siwezi," Chiriku akasema kutoka kitandani. "Kichwa kinapasuka."

"Watu wamekata tiketi. Ukumbi umejaa. Tukivunja ahadi hii hawatatuita tena."

"Imba wewe. Nyimbo si zako?"

Besi alilikumbuka jibu lake maisha yake yote, kwa sababu halikuwa la hasira. Lilikuwa la uchovu tu. "Nani atakuja kunisikiliza mimi? Amka, mdogo wangu. Utalala njiani."

Akamwamsha, akamvisha viatu mwenyewe, akamfunga kanga mabegani, akamlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari la bendi. Yeye akakaa mbele karibu na dereva, akafunga mkanda. Saa nane mchana, kwenye barabara iliyonyooka isiyo na hata shimo, tairi la mbele likapasuka. Gari likabingirika mara mbili. Dereva alivunjika mkono. Besi alivunjika mtulinga na mbavu tatu. Mlango wa nyuma ulifunguka, na Chiriku, aliyekuwa amelala bila mkanda, akatupwa nje. Walipomfikia alikuwa bado wa moto, lakini ile ilikuwa homa tu.

Mama yao alifika hospitali ya mji ule jioni hiyohiyo. Alisimama miguuni mwa kitanda cha Besi, akauliza swali moja. "Nani alimtoa kitandani?"

Besi alikuwa na bandeji kifuani, na kila pumzi ilimchoma kama sindano. Akasema, "Mwenyewe. Nilimkataza, mama. Aling'ang'ania."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Mkaidi yule," akasema. "Tangu tumboni."

Kumbe uongo nao huzaliwa kama mtoto: ukishatoka haurudi. Siku za msiba wote waliokuja kutoa pole walisimuliwa jinsi marehemu alivyokuwa mbishi, jinsi dada yake alivyomsihi asiende. Wakamwonea Besi huruma. Wakamletea uji. Siku ya tatu, akiwa amelala chumbani na mlango umerudishwa tu, alimsikia mama akimwambia mama mdogo sebuleni, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma uzito wa kichanga: "Sauti imeondoka, ndugu yangu. Kimebaki kiitikio."

Besi akaacha kuimba. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, wala hakuna aliyemwambia arudi. Bendi ilivunjika yenyewe. Akapata kazi kwenye kiwanda cha kushona sare, ukumbi mrefu wa mabati wenye mashine sitini na madirisha yaliyo juu mno mtu kuchungulia. Yeye alikuwa kitengo cha mifuko. Hakushona shati wala suruali; alishona mifuko ya kifuani, mia tatu kwa siku, inayokwenda kuwekwa kwenye mashati asiyoyaona. Miaka minane akashona mifuko. Jioni alirudi nyumbani, akapika, akala na mama yake kwa ukimya. Hawakugombana hata siku moja. Watu wakasema, tazameni mama na mwana wanavyopendana.

Aliyekuja kumchokonoa alikuwa Fundi. Zamani alikuwa fundi mitambo wa bendi yao, mtu mfupi mwenye haraka, anayemaliza sentensi za wenzake. Sasa alikuwa amefungua studio nyuma ya duka la fotokopi: chumba kimoja, magodoro yaliyosimamishwa ukutani, trei za mayai darini, kompyuta moja na feni inayozimwa kila mtu anapoanza kuimba. Alimngoja Besi getini kiwandani wakati wa kutoka.

"Una nyimbo," akasema hata kabla ya salamu.

"Sina."

"Besi, mimi nakujua. Mtu aliyekuwa akitunga usiku na mchana haachi. Anaficha tu."

Kweli alikuwa nazo kumi na moja. Alikuwa ameziandika nyuma ya karatasi za ruwaza za mifuko, vipande vya ukubwa wa kiganja, amevifunga kwa uzi kwenye kopo la biskuti. Ilimchukua miezi minne kukubali, na alipokubali alitoa sharti moja.

"Sauti yangu peke yangu. Usiniletee msichana wa kuimba juu yangu. Kusiwe na mtu juu."

"Peke yako," Fundi akasema. "Naapa."

Wakaanza kurekodi asubuhi za Jumamosi. Kulikuwa na mpiga kinanda, mpiga ngoma, na mzee mmoja mpiga gitaa la besi, aliyekuwa amestaafu kazi ya posta na mwenye goti bovu, akipiga akiwa amekaa kwenye kreti ya soda. Wiki za kwanza zilikuwa aibu tupu. Si kwamba sauti ilikuwa imekufa. Ilikuwepo, imepata ukakasi mzuri kama mbao iliyokaa juani. Tatizo lilikuwa jingine. Kila muziki ulipoanza, Besi alikwenda sauti ya pili. Alitaka kushika tuni, tuni aliyoitunga mwenyewe, lakini koo lilishuka chini lenyewe, likaanza kuitikia kitu kisichokuwepo. Palipokuwa na nafasi ya kupaza, alinyamaza akangoja. Walirudia wimbo mmoja mara ishirini na mbili. Fundi akavua hedifoni akajishika kichwa.

Yule mzee akaweka gitaa chini. "Mama," akasema taratibu, "samahani nikuulize. Unampisha nani?"

Besi akatoka, akaenda kusimama dukani kati ya mashine za fotokopi. Wanafunzi walikuwa kwenye foleni na makaratasi yao, wakamtazama huyu mama anayelia kwa kufumba mdomo. Akarudi. Akamwomba mpiga kinanda ashushe ufunguo mpaka chini kabisa, mahali ambapo mdogo wake asingeweza kufika hata angetaka. Hapo ndipo akaimba. Wimbo wa kwanza ulikamilika siku hiyo, kwa mkupuo mmoja, na mpiga ngoma alipomaliza hakuthubutu kugonga hata kijiti, akihofia kuharibu.

Miezi tisa ikapita hivyo. Katika miezi hiyohiyo mama yake akaanza kusahau. Alianza na vitu vidogo, chumvi mara mbili, mlango wazi. Kisha akarudi kazini kichwani mwake, yeye aliyekuwa amestaafu miaka sita. Alimshika tumbo kila aliyepita karibu naye. Muuza maziwa, mwanamume mwenye kitambi cha heshima, alishikwa mlangoni na kuambiwa, "Wewe ni mapacha, na mmoja kakaa vibaya. Usiondoke mjini." Watu walicheka, na Besi naye alicheka, kwa sababu hakukuwa na la kufanya. Mama mdogo akahamia kwao kumwangalia mchana. Kitu ambacho mama hakukisahau ni kwamba mtoto wake mdogo amekufa. Hilo alilikumbuka kila asubuhi upya, kama habari ya leo, na kila asubuhi alisusa chai.

Wimbo wa tisa uliitwa "Fungua Kidogo". Ndio pekee ambao Besi na Chiriku walikuwa wameuanza pamoja kabla ya ajali. Ulikuwa na tuni, haukuwa na maneno. Besi akauwekea maneno, akauimba chini, na katikati akaacha kimya cha mistari minne, kinanda peke yake. Fundi alimwuliza mara mbili kama ana uhakika na kile kimya. Akasema ana uhakika.

Albamu ilitoka akiwa na miaka arobaini na mmoja. Aliipa jina *Sauti ya Pili*. Kwenye jalada walimpiga picha amekaa kwenye kreti ya yule mzee, mikono magotini, hatabasamu. Fundi alimpelekea nakala ya kwanza kazini, na Besi akaiweka kwenye mfuko wa aproni bila kuisikiliza. Aliogopa. Akajiambia ataisikiliza Jumapili.

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, redio ya ukumbi wa kushonea ilitangaza jina lake. Wanawake wakasimamisha mashine moja baada ya nyingine mpaka kelele ikaisha. Hakuwahi kuusikia ukumbi ule ukiwa kimya. Kinanda kikaanza, kisha sauti yake mwenyewe, kubwa, ya chini, ikajaza mabati yote. Wenzake wakamgeukia wakitabasamu. Msimamizi mwenyewe akaja na kumpiga bega. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Kile kimya kikafika.

Na ndani ya kile kimya Chiriku akaimba.

Haikuwa na maneno, ni tuni tu, "aa" na "mm", sauti ya juu, nyepesi, yenye mkwaruzo wa kanda ya zamani. Mistari minne yote. Na mwishoni kabisa, kabla ya kinanda kurudi, kicheko kifupi, kile kicheko chake cha mtu aliyekosea akajua amesamehewa.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akasema, "Huyo wa juu ni nani jamani? Malaika huyo!" Besi alikuwa ameinuka. Hakujua anakwenda wapi. Msimamizi alimwuliza kama anaumwa, akasema ndiyo, akatoka na aproni yake mwilini, akatembea mpaka nyumbani.

Alimkuta mama yake amevaa gauni la kutokea, amejipaka mafuta, amekaa wima sebuleni. Redio ilikuwa bado inaongea. Mama mdogo alisimama mlango wa jikoni, mkono mdomoni, akimtazama Besi kwa macho ya kuomba msaada.

"Umechelewa," mama akasema. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa msichana. "Mdogo wako yuko redioni. Nimemsikia akicheka. Hawa watu waliniambia amekufa, unaona walivyo waongo? Anarudi lini?"

Besi akamtazama mama mdogo, akamtazama mama. Mezani kulikuwa na kikombe cha chai, kitupu. Alikuwa ameinywa yote.

"Bado yuko safarini, mama," akasema. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Kesho yake akaenda studio. Fundi alipomwona tu mlangoni akazima feni.

"Nilikuwa na kanda ya mazoezi," akaanza. "Ya wiki ile ile ya mwisho. Nimeitunza miaka yote, Besi. Nilisafisha kila mkwaruzo ulioweza kusafishika. Wimbo ulikuwa na tundu pale—"

"Tundu niliacha mimi."

"Najua, lakini—"

"Uliapa."

Fundi akainamisha kichwa. "Niliapa hakuna msichana wa kuimba juu yako. Yeye si... Yeye ni mdogo wako. Nilidhani ukimsikia utafurahi. Na redio wameuchagua huo, kati ya kumi na moja wameuchagua huo. Unafikiri ni bahati?" Kisha, kwa sauti ya chini: "Nitautoa. Sema neno tu, nitengeneze nakala nyingine."

Besi alikuwa amekuja na hilo neno mdomoni. Alilipanga njia nzima. Lakini akilini aliona kikombe kitupu, na gauni la kutokea, na uso ule ambao hajawahi kuuona ukimgeukia yeye. Akakaa kwenye kreti ya soda. "Uache," akasema. "Na unipe redio ya kuchezesha wimbo huo nyumbani. Mama anautaka tena."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwaka mmoja na nusu. Asubuhi, mchana na jioni, wimbo wa tisa. Bila huo mama hakufungua mdomo kwa kijiko. Besi alimlisha huku mdogo wake akiimba. Alijua sekunde ambayo kicheko kingekuja, na kila mara mama alicheka nacho, uji ukimtiririka kidevuni. Alipojaribu siku moja kuweka wimbo wa nne, ambao ulikuwa wake peke yake na ambao yule mzee wa posta alisema ndio bora kuliko zote, mama alisikiliza kidogo, akakunja uso. "Mwambie huyo mwanamume aache kelele," akasema. "Mtoto wangu anataka kuimba."

Huko nje, Besi akawa na jina, kwa namna yake. Gazeti liliandika, "Dada wa Chiriku Arejea". Fundi akapanga onyesho la kuzindua albamu, Jumapili alasiri, ukumbi wa watu mia nne, na wakajaa. Besi alivaa gauni jeusi alilojishonea, lisilo na mfuko hata mmoja. Aliimba nyimbo nane na watu walimsikiliza kwa adabu, kama wageni wanaosubiri chakula huku wakionyeshwa picha za familia. Wa tisa ulipoanza wakasimama. Simu zikainuliwa.

Fundi alikuwa ameiandaa ile kanda. Besi alimtazama pembeni ya jukwaa, akamtikisia kichwa: hapana. Alikuwa amemwacha mdogo wake nyumbani kwa ajili ya mama. Jukwaani hakuwa na deni naye. Mistari minne ikafika, kinanda kikabaki peke yake.

Minong'ono ikaanza. Sekunde chache tu, na mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mleteni Chiriku!" Wengine wakacheka, wengine wakaitikia, "Mleteni! Mleteni!" Hawakuwa watu wabaya. Wengi hawakujua kwamba ni marehemu. Walidhani yuko nyuma ya pazia. Besi alisimama mbele ya maikrofoni, na mguu wake, mwenyewe akauona, ukarudi hatua moja nyuma, upande wa kushoto. Alimaliza wimbo akiwa hapo, akiimba sauti ya pili, akiacha mahali pa mbele patupu. Alipoinua uso, safu za nyuma zilikuwa zinatoka.

Mama yake aliacha kumtambua mwezi uliofuata. Akawa anamwita nesi. Alidhani ni mwanafunzi mpya wa zahanati, akamfundisha kazi kwa subira ambayo Besi hakuwahi kuionja akiwa mtoto: namna ya kushika kitovu, namna ya kumtuliza mwanamke anayepiga kelele. Asubuhi moja Besi alikuwa akimwosha miguu kwenye beseni. Jua lilikuwa linaingia dirishani. Mama mdogo alikuwa ametoka kununua sabuni.

"Nesi," mama akasema, "mbona unakuwa kama mtu aliyefiwa? Kwenye wodi ya wazazi hatukai hivyo."

Besi akaendelea kusugua kisigino. "Kuna dada mmoja namfahamu," akasema. "Ana jambo linamla."

"Ana mimba?"

"Hapana. Alikuwa na mdogo wake. Mdogo wake alikuwa na homa, mama yao akamkataza kutoka. Mama alipokwenda kazini, yule dada akamwinua mdogo wake kitandani. Akamvisha viatu, akampakia kwenye gari. Gari likapinduka, mdogo mtu akafa."

Mama alisikiliza kama alivyosikiliza maelfu ya wanawake, bila kushtuka. "Na mama yao anajua?"

"Hajui. Dada alimwambia marehemu ndiye aliyeng'ang'ania. Mama amemlaumu marehemu miaka yote."

Maji ya beseni yalikuwa yameanza kupoa. Mama akautoa mguu mmoja majini. Kisha akasema, wazi kabisa, kwa sauti ile ya zahanati, "Basi huyo dada asimwambie. Wewe mwenyewe mwambie asithubutu. Ningekuwa mimi ndiye mama yake, nisingemsamehe. Ningemtazama kila siku, nikamtazama tu, mpaka mmoja wetu afe."

"Nitamwambia," Besi akasema.

Mama akamshika kiganja, akakigeuza, akavipima vidole vilivyokauka kwa nyuzi na kutobolewa na sindano. "Mikono yako mikavu, nesi. Paka mafuta kabla hujamgusa mzazi. Utamkwaruza."

Alikufa wiki ya sita baada ya hapo, mchana, akiwa amelala. Besi alikuwa kiwandani.

Baada ya mazishi alikwenda kwa Fundi, akalitoa sasa lile neno. Wakatengeneza nakala nyingine ya albamu, wimbo wa tisa ukiwa na kimya chake. Nyingi zilirudishwa madukani. Watu walisema zina kasoro, sauti imekatika. Fundi akataka kurekodi albamu ya pili, naye Besi akakubali, lakini mzee wa posta alipooza upande mmoja, kisha duka la fotokopi likauzwa na chumba cha nyuma kikawa stoo. Albamu ya pili haikutokea. *Sauti ya Pili* ndiyo ya kwanza na ya mwisho.

Sasa ana miaka hamsini na tatu. Mchana bado anashona mifuko. Jumapili anaimba kwenye mgahawa wa hoteli moja, kuanzia saa saba mpaka saa tisa, watu wakila. Meneja alimwomba asipaze sana.

Mwaka juzi alitunga wimbo mpya, wa kwanza tangu mama afe. Hakuficha kitu humo. Aliitaja homa, mgongo wa kiganja, viatu, kiti cha nyuma. Aliimba, "Ni mimi niliyemwinua, mama, ni mimi." Siku aliyouimba mara ya kwanza alishusha ufunguo mpaka chini, akafumba macho, akausema wote, kila neno. Alipofumbua, vijiko vilikuwa vimenyamaza. Mwanamke mmoja wa meza ya mbele alikuwa anajifuta machozi kwa kitambaa cha mezani. Watu wakapiga makofi, kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kumpigia, na mtu mmoja akasema, "Huyu mama anajua kutunga!"

Besi akawashukuru, akanywa maji, akamwonyesha mpiga kinanda ishara ya wimbo unaofuata.